Moto Usiokuwa na Moshi



Kama umesafiri kutoka Likasi kwenda Kolwezi, unajua njia hii. Unapita Fungurume, unavuka daraja la Lualaba, na pembeni ya barabara unaona mifuko ya makala imepangwa ikingoja wanunuzi. Kule porini moshi unapanda juu ya kilima cha udongo: ni tanuru ya makala.

Muji wetu una utajiri wa shaba na kobalti. Umeme wa Nzilo na Nseke unatengenezwa karibu na sisi, na tangu mwaka 1982 nyaya kubwa zinaleta ule wa Inga mpaka Kolwezi. Lakini ukitembea jioni katika Manika ao Dilala, utaona chakula cha watu wengi kinaiva juu ya mbabula.

Nilikwenda kutembelea wachimbaji wa mikono katika kambi yao, mwezi wa Julai. Tuko juu hapa, zaidi ya mita 1 400, na usiku wa Julai baridi inauma kweli. Mwenyeji wangu alikuwa na nyumba ya miti na bashi za plastiki. Alifunga kila tundu, kisha akaingiza mbabula.

“Ndugu, tutalala nayo humu ndani?” nikamuuliza.

“Pasta, usiogope. Makala imeisha kuwaka muzuri, moshi haiko tena.”

Tukalala. Katikati ya usiku nikasikia kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu. Nikawaza: ni malaria. Mutoto akalia, mama yake akasimama, akaanguka juu ya ukuta wa bashi. Bashi ikapasuka, upepo ukaingia. Ule upepo ndio ulituokoa.

Musomaji, ufahamu jambo hili. Katika tanuru, kuni zinachomwa chini ya udongo, na moshi wake mwingi unabaki porini. Ndiyo sababu makala inaonekana safi nyumbani. Lakini inapowaka inatoa hewa ya sumu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa hata ukiendelea kupumua. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unataka kutapika. Unadhani ni malaria, unameza dawa, unalala tena. Na huamuki.

Kama watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usitafute mbu. Tazama mbabula.

Vitu vingine vya kuwasha vina hatari yao. Kuni, zaidi zile mbichi, zinajaza moshi katika mapafu ya mama na ya mutoto aliye mugongoni. Plastiki, mpira wa nyaya na mbao za rangi zinatoa sumu. Usipikie chakula juu yake. Esanse katika resho ya petroli ya taa inaweza kulipuka. Na resho ya petroli usiijaze ikingali moto. Hata gazi inahitaji hewa. Mwali wake uwe wa bluu, si wa njano. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya nyumbani iliua watu milioni 3.2 hivi.

Basi tufanye nini? Pikia nje, ao pahali penye kupitisha upepo. Kabla ya kulala, toa mbabula nje kabisa. Kuifunika na majivu hakutoshi, na dirisha dogo halitoshi. Kwa baridi, jaza maji ya moto katika chupa, ifunge vizuri na kuizungushia kitambaa. Ukikuta mutu amezimia, fungua mulango, mutoe nje upesi, kisha umupeleke hospitali hata kama ameamuka.

Nilirudi kwa yule ndugu mwaka uliofuata. Bashi ilikuwa imeshonwa kwa kamba. Usiku mutoto wake ndiye aliyeuliza: “Baba, mbabula iko wapi?”

“Iko inje.”

Tukafunga mulango, tukalala.