Aliacha Kucheza Kwenye Video, Sasa Anatoboa Vidoti vya IST Gerezani

Kama ulifuatilia video za Bongo Fleva miaka michache iliyopita, sura ya huyu dada unaijua. Jina halitajwi hapa, mwenyewe hataki. Siku hizi hana wigi wala kucha za bandia. Ana ovaroli, miwani ya plastiki na drili, yuko gereji moja Gerezani, Dar es Salaam, anajifunza ufundi bodi kwa mzee anayemwita "mwanangu" akifurahi na "msanii" akikasirika. Waliomcheka ile picha ya ovaroli ilipovuja, leo wasome hii.

Basi bwana, ikaja Toyota IST imepigwa nyuma na daladala. Dereva ni kaka anayebeba abiria kwa app, gari la mkataba: kila wiki anapeleka hesabu kwa bosi, miezi ikiisha gari linakuwa lake. Gari likilala gereji, hesabu hailali. Jamaa kafika na presha zake: "Dada yangu, piga grenda hilo bati, bandika lingine, jaza puti, niondoke leo leo."

Sasa hapo ndipo magari ya watu yanapoharibiwa. Bati la nyuma la gari halijachomelewa mstari mrefu kama geti la nyumbani. Kiwandani mabati mawili yanabanwa kati ya ncha mbili za shaba, umeme mkali unapita kufumba na kufumbua, chuma kinayeyuka katikati na kushikana. Kinachobaki ni kidoti cha kama milimita 5 au 6. Gari moja lina vidoti maelfu. Ukipitisha grenda ovyo unakata mpaka bati la chini, yaani sakafu ya buti ambayo haikuwa na kosa. Halafu cheche na tenki la mafuta... hapana aisee.

"Kaka, nipe mpaka kesho," dada akasema. Mzee alikuwa msibani. Sakafu ikiharibika, wa kulipa ni yeye.

Akachomoa waya wa hasi wa betri. Akasugua rangi kwa brashi ya waya, akamulika tochi ya simu kwa ubavu. Ukimulika kwa mbele huoni kitu, ila kwa ubavu vidoti vinajitokeza kama makovu ya tetekuwanga. Kila kimoja akakipiga panchi katikati ili biti isiteleze, akaanza na tundu la milimita 3, kisha akaingia na biti ya milimita 8. Mzee alishainoa ncha ikawa karibu bapa, maana iliyochongoka ingetoboa bati la chini kabla ya kumaliza la juu. Drili taratibu, mkono mzito, matone ya oili. Ukikimbiza, biti inaungua inageuka bluu, umekula hasara. Kazi yenyewe ni kujua pa kuacha: duara linaachia pembeni, drili inalegea mkononi, toa. Baada ya hapo tindo nyembamba inaingia kati ya mabati, nyundo inagonga kidogo kidogo. Bati likigoma usilazimishe, kuna kidoti umekiruka.

Dereva mwanzoni alikuwa anasonya tu juu ya tairi. Baadaye ndiye aliyeshika tochi.

Kushoto vidoti vilipangana kama vifungo vya shati. Kulia vikakata ghafla. Brashi ikaanza kutoa vumbi laini badala ya chuma. Puti, nene kama kidole! Chini yake mshono wa weldi umekaa kama mnyoo, na sakafu ya buti ina mkato wa grenda uliofichwa kwa rangi. Kiwanda hakifanyi hivyo. Gari lilishagongwa likaungwa, na kaka wa watu alisaini mkataba akiambiwa halijawahi kupata ajali.

(Wewe unayetafuta IST ya mkononi, funua raba ya mlango wa buti uangalie huo ukingo. Vidoti vipo? Viko sawa kushoto na kulia?)

Akampigia bosi palepale.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Gari limepona?"

"Bosi, hili gari lilishawahi kupigwa nyuma?"

Kimya. "Nani kakwambia?"

"Vidoti, bosi."

"Vidoti ndo nini? Nitumie picha."

Picha sita zikaenda WhatsApp. Tiki zikawa bluu mapema tu, jibu likaja saa mbili usiku: hesabu isimame mpaka gari litoke gereji. Kuhusu mkataba wenyewe, hakuandika neno. Dada alikuwa bado amepiga magoti upande wa kulia na tupa, anasawazisha mabaki, maana bati la mtumba lilikuwa linakuja asubuhi.