Ziwa, Mto na Mawe ya Ikoma

Shule za nchi yetu zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, nyumba yetu ya Tarime iligeuka darasa lenye wanafunzi watatu na walimu wawili ambao hawakusomea ualimu. Hesabu tuliziweza. Kiswahili tulikuwa nacho cha akiba, kwa kuwa sisi ni watu wa mashairi. Historia ndiyo iliyotushinda kuifundisha mezani. Watoto walikariri Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 pasipo kukosea, lakini hawakuweza kutaja jambo hata moja lililopata kutendeka mkoani Mara. Basi tukakubaliana na mwenzetu wa nyumbani kwamba vitabu vifungwe, tutoke.

Tulianza na ufuko wa ziwa upande wa Shirati, uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime mpaka Rorya ilipotengwa mwaka 2007. Watoto walitazamia mchanga wa kuchezea, wakakuta maji. Mwezi ule wa Mei, Ziwa Viktoria lilikuwa limejaa hata kukipita kimo cha mwaka 1964, kilichokuwa kikitajwa kwa miaka mingi kuwa hakina mfano. Mvuvi mmoja mzee alikuwa akianika dagaa juu ya nyavu kuukuu, maana mchanga wa kuanikia ulikuwa umezama. Alituonyesha mti uliosimama ndani ya maji.

"Wajukuu zangu," alisema, "nilipokuwa mtoto maji yalifika hapa hapa. Baba yangu akaniusia nisijenge chini ya mti huu."

Kitinda mimba wetu akamwuliza, "Babu, wosia huo uliandikwa wapi?"

Mzee alicheka, akainua mkono kuionyesha nyumba yake iliyo mlimani, kavu. Chini yake, nyumba za waliohamia baadaye zilikuwa zimeingia maji. Sisi tuliotumikia ofisi za Serikali miaka mingi, tukizoea kuamini kilicho ndani ya jalada tu, tulinyamaza.

Watoto wakataka kujua maji yale yametoka wapi. Tuliwaambia ni mvua na mito, na miongoni mwake ni mto wetu wa Mara, unaoanzia katika milima ya Mau nchini Kenya, ukapita mbuga za Serengeti ndipo uteremke ziwani. Juma lililofuata tuliuvuka mto huo kwa njia ya Nyamongo, tukaingia Wilaya ya Serengeti, tukapita Mugumu hadi Ikoma.

Hapo juu ya kilima pana magofu ya boma la Wajerumani, waliolijenga kuitawala nchi ya huku kabla ya kunyang'anywa koloni lao katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Ni mawe mazuri, yamepangwa kwa ustadi, hatuwezi kukana. Binti yetu mkubwa aliyazunguka kimya, kisha akauliza, "Baba, mawe haya yalibebwa na nani?"

Tulimjibu kwamba, kwa desturi ya utawala ule, kazi nzito iliangukia mabega ya wenyeji, nao hawakuulizwa kama wanapenda. Akataka majina. Hatukuwa nayo.

Lakini Waikoma wana kumbukumbu nyingine isiyohitaji boma: pembe mbili za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo ukoo hadi ukoo wamezitunza kwa heshima kubwa na kuzihesabu kuwa ndizo baraka ya kabila lao. Sisi hatukuomba kuonyeshwa. Si kila kitu cha thamani ni cha kutazamwa na mgeni, na yafaa mtoto ajifunze hilo pia. Tuliwasimulia tu, tukiwa tumeketi kivulini, huku tukila mihogo ya kuchemsha.

Binti yetu aliandika habari za Ikoma kurasa nne. Ukurasa wa wabeba mawe aliuacha mtupu, akaweka juu yake alama moja ya kuuliza.