Swichi ya mtumba yapindua serikali Makongeni

Najua nimepotea siku nyingi. Jumamosi niliaibika hapa Makongeni, afadhali niwasimulie mwenyewe kabla majirani hawajanitangulia.

Rafiki yangu anasambaza intaneti kwenye ploti kadhaa, si mbali na zile nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli. Ana swichi mbili kuukuu, Cisco Catalyst 3750, zilizounganishwa kwa kebo za nyuma zikawa staki. Ukiingia kwa mstari wa amri unaona kama swichi moja tu, na mojawapo huwa masta anayeshika usanidi wa zote. Staki ya aina hiyo hubeba hadi swichi 9. Basi akanunua ya tatu, mtumba, akaniita: "Buda, si wewe ndiye ulisomea kompyuta?"

Mimi naandika programu, jamani! Lakini ningekataaje? Nikaiwasha, nikaandika `write erase`, nikaamini imekuwa safi. Kisha, ikiwa bado na stima, nikachomeka kebo za staki.

Zile mbili za zamani zikazima taa na kuanza kujiwasha upya. Ziliporudi, jina tulilozipa halikuwepo, pale palisomeka `Switch>` tu, kama kitu kilichotoka kwenye boksi. VLAN za wateja, nywila, vyote hakuna. Na ilikuwa saa ya mechi! Simu ya rafiki yangu ikaanza kulia, naye akawa ananiangalia tu, hasemi neno. Heri angenitukana.

Nikaandika `show switch`. Mgeni alikuwa na kipaumbele 15, cha juu kabisa. Masta wetu alikuwa na 5. Kumbe kipaumbele na namba ya swichi havikai ndani ya faili ya usanidi, kwa hiyo `write erase` haivigusi. Staki mbili zenye stima zikikutana hufanyika uchaguzi (sisi Wakenya tunaujua huo), na upande ulioshindwa hujiwasha upya na kupokea usanidi wa mshindi. Mshindi wetu alikuwa mtupu. Tena alibaki na namba 1, masta wa zamani akasukumwa hadi 3, hivyo hata namba za milango zilihama. Kama ningemchomeka akiwa amezimwa, angeingia kama mwanachama wa kawaida, hata na hiyo 15 yake.

Nikamtoa. Nikaandika `switch 3 renumber 1`, kisha `reload`, nikabandika usanidi niliokuwa nimejitumia kwa barua pepe wiki tatu nyuma. Wateja walioingia baada ya hapo tuliwarudisha mmoja mmoja kutoka kwa daftari la rafiki yangu, hadi saa saba usiku. Mgeni nikampa `priority 1` na namba 3 akiwa peke yake, nikamzima, ndipo nikamchomeka.

Jumapili rafiki yangu alinunua chai. Hakuniita buda.

Haya, stima inachezacheza, ngoja niweke hii hewani kabla haijapotea.