Ubao wa mahari: tushuke kutoka futi 9 hadi ngapi?



Kwetu kuna harusi, na mdogo wetu wa mwisho ametaja mahari yake: fedha kidogo, Msahafu, na ubao wa kuteleza mawimbini ulio mfupi kuliko huu tunaotumia wote watatu. Wazee walicheka. Shangazi ndiye aliyewakatiza, akasema mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, na kitu kikiwa halali na kina thamani, hapana cha kuchekwa. Mposaji alikubali siku ile ile. Kazi ikabaki kwetu dada zake: ubao gani hasa? Maana ukinunuliwa usiomfaa, mahari ya mwenzetu itaishia kuegeshwa nyuma ya mlango.

Ubao wetu ni wa sponji, futi 9, lita 75. Hizo lita ni ukubwa wake wote, urefu, upana na unene kwa pamoja, na ndizo zinazokubeba juu ya maji. Kwa anayeanza hakuna mwalimu mpole kama ubao mrefu. Unaanza kukimbia wimbi likiwa bado halijasimama, unapata nafasi ya kuinuka bila papara, na ukiweka mguu vibaya unakuvumilia. Ubaya wake tunaujua sisi tunaoubeba kichwani hadi kwenye ngalawa. Kuugeuza ni kazi. Na wimbi likishavunjika mbele yako huwezi kuuzamisha upite chini yake. Inabidi upinduke, wewe chini, ubao juu, ukiukumbatia mpaka povu lipite. Fanya hivyo mara kumi huku burkini imejaa maji, utaelewa kwa nini bibi harusi amechoka nao.

Lakini uchovu peke yake si sababu ya kubadilisha. Tulimtazama msimu mzima wa kusi. Anashika wimbi ambalo halijavunjika, anasimama bila kupiga magoti kwanza, na anakwenda nalo pembeni, kulia na kushoto, badala ya kuja moja kwa moja ufukweni. Hapo tukasema naam. Mwenzetu wa pili bado anapenda kusukumwa na povu, naye atabaki na futi 9, na hana kinyongo.

Kijana mmoja muuzaji alituonyesha ubao mzuri kweli wa futi 6, lita 30, mweupe kama sahani mpya. Akasema ndio wanaotumia mabingwa. Mabingwa sawa, lakini mdogo wetu ana kilo 58 na misimu mitatu tu. Kwa anayejifunza, tunapenda lita zikaribie kilo za mwili, kisha zipungue kidogo kidogo kadiri anavyozoea. Kutoka 75 kushuka hadi 30 kwa mkupuo mmoja ni kuanza upya: utapiga mikono mpaka mabega yawake, na mawimbi yatakupita chini ya tumbo. Kwa hiyo msiulize futi peke yake. Mbao mbili za urefu mmoja huweza kuachana kwa lita nyingi, moja nene na pana, nyingine nyembamba.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayataji. La kwanza ni nguo zetu. Burkini yenye sketi, na mtandio uliofungwa vizuri, vikilowa vinavuta nyuma unapopiga mikono. Sisi tunaongeza lita tatu au nne kwa ajili hiyo, wala hatuoni haya. La pili ni mwamba. Huku pwani ya mashariki ya Unguja wimbi la maana huvunjika nje, kwenye mwamba. Ubao mfupi hutaka usubiri mpaka wimbi lisimame wima ndipo uondoke nalo. Ukichelewa, unaanguka pale pale penye maji haba, kwenye matumbawe na wale wenye miiba mirefu myeusi. Ubao wenye lita za kutosha unakutoa mapema. Tena hatuendi ila maji yakiwa yamejaa, na ukianguka anguka bapa, usitangulize miguu.

Basi tumeafikiana: futi 7 na inchi 6, upana inchi 22, lita 51, ncha ya mbele iwe ya duara, mapezi matatu chini. Uwe wa epoksi, kwa kuwa ni mwepesi na hautoboki upesi, ingawa ukikugonga si sawa na sponji. Kamba ya mguuni iwe ya futi 8; kamba fupi kuliko ubao huurudisha usoni kwako.

Mchumba ameyaandika yote kwenye simu yake, hata akauliza inchi za unene, jambo lililomfurahisha mama kuliko posa yenyewe. Kwenye sanduku la bibi harusi hautaingia, kwa hiyo utakuja mbele ya sanduku, juu ya bega la kaka.

Sasa ubishi uliobaki ni wa maandishi. Wazee wanataka siku ya ndoa iandikwe "ubao mmoja" tu. Shangazi anataka na lita ziandikwe.