Mjapani wa Mlandege

Kabla hajapanda ndege, kijana huyu wa Mlandege, mtaa wa maduka mjini Zanzibar, alikuwa na Japani yake kamili, ya vitu vitupu. Daladala aliyopanda kwenda skuli ilikuwa Toyota Hiace. Redio ya bibi yake, iliyokaa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, ilikuwa National. Teksi ya ami yake kila ikiwashwa ilitoa sauti ya mwanamke, laini na yenye adabu, ikimkumbusha dereva kwa Kijapani kwamba hajatia kadi ya kulipia barabara, kana kwamba kutoka Darajani kwenda Amani kuna mtu anayetoza. Ami mtu alizoea kumjibu: “Sawa, bibie.” Kwa hiyo alipopata udhamini wa mwaka wa masomo katika chuo kimoja cha Osaka, akiwa mwanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, barazani hakuna aliyeuliza atasoma nini. Waliuliza atatuma gari gani.

Yeye alikuwa na hesabu nyingine. Utafiti wake wa mwaka wa mwisho ungehusu namna Japani ilivyoinuka baada ya vita. Ni mada ambayo kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki ameshaisikia katika hotuba fulani: nchi haina mafuta, imepigwa mabomu, imeinuka kwa nidhamu, na sisi je? Alikwenda kuthibitisha alichokwisha kukijua, jambo ambalo, tuseme kweli, ndilo linalowapeleka safarini wasomi wengi.

Osaka ilianza kumvuruga mapema. Alitegemea mji wa watu wakimya, akakuta wauzaji wanaoita wateja kwa sauti, wanaotaniana na mtu wasiyemjua na kusifia bidhaa zao bila haya, tabia ambayo Wajapani wa miji mingine huitumia kuwachekea watu wa Osaka. Pweza, ambaye Forodhani huchomwa akakatwa vipande, huku alifichwa ndani ya vidonge vya unga vya moto viitwavyo takoyaki, na kijana alijifunza kuuliza kwanza ile sosi ya juu imetiwa nini ndipo ale. Kikubwa zaidi, alikuta Kiswahili kimemtangulia. Chuo cha Lugha za Kigeni cha Osaka, kilichounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007, kilikuwa kikisomesha Kiswahili kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1990 mmoja wa walimu wake alikuwa Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Pemba ambaye vitabu vyake kijana alivisoma skuli kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi wa Kijapani alipomwamkia mwalimu wao mzee “Shikamoo” kwenye ukumbi wa chakula, Mzanzibari alijikuta ndiye aliyechelewa kuamkia.

Mwalimu huyo ndiye aliyemwambia aende Semba.

Semba ni mtaa wa wauza nguo wa jumla. Hapo pana jengo refu ajabu, karibu kilomita moja, lililojibanza chini ya barabara kuu ya juu. Lilifunguliwa mwaka 1970, magari yakipita kwenye paa lake na majora ya vitambaa yakiuzwa tumboni. Mtoto wa Mlandege hapotei mahali kama hapo. Milango ya maduka, vitambaa vilivyoning’inizwa, wazee waliokaa kwenye vigoda wakipima mteja kwa jicho kabla hawajapima kitambaa kwa futi. Aliingia duka moja, akajieleza kwa Kijapani chake cha kubabaisha kwamba ametoka Zanzibar. Mwenye duka, mtu mzima sana, akamwambia: “Kanga.” Kijana alikuwa hajalitaja neno hilo. Babake yule mzee, ilibainika, aliwahi kufanya kazi ya kupeleka vitambaa Afrika Mashariki.

Usiku ule alianza kusoma vitabu ambavyo havikuwamo katika orodha yake. Osaka ya kabla ya vita ilikuwa mji wa pamba, wenyewe wakijiita Manchester ya Mashariki. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kudumu za kuja pwani ya Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1930 nguo za Kijapani zikafurika madukani kwetu. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Mkutano wa Berlin wa 1884–85, iliwafunga Waingereza mikono: katika makoloni yao ya Afrika Mashariki hawakuweza kumtoza Mjapani ushuru mkubwa kuliko waliomtoza mwenzao wa Lancashire. Viwanda vya Lancashire vililalamika sana. Mnunuzi wa kwetu hakuwa na sababu ya kulalamika, nguo ilikuwa rahisi. Hata merekani, kitambaa chenye jina la Amerika, ikawa inatoka Japani. Vita vilikata biashara hiyo mwaka 1941, lakini baadaye ilirudi, na kanga nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilipigwa chapa Japani, hadi viwanda vya nyumbani kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vilipoanza kujaza soko.

Likizo ya machipuko ilipofika, alinunua tiketi ya treni za kawaida, ile ambayo wanafunzi huipenda kwa sababu ni rahisi na hairuhusu kupanda Shinkansen. Treni ile ya kasi, iliyozinduliwa Oktoba 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi yetu na Muungano, ilimpita mara nyingi akiwa amekaa kituoni na andazi mkononi. Hakusononeka. Unguja yenyewe ilikuwa na reli, kutoka mjini hadi Bububu, ikafa mwaka 1928. Babu zake walishapanda treni kabla yake.

Kobe alikwenda kwa ajili ya bandari, akabaki kwa ajili ya msikiti. Ni wa kwanza kujengwa Japani, ulifunguliwa mwaka 1935 kwa michango ya wafanyabiashara Waislamu, wengi wao Wahindi na Watatari, waliokuwa wakiishi pale. Mabomu ya 1945 yaliuacha umesimama, na tetemeko la Januari 1995, lililoua zaidi ya watu 6,000, likauacha vilevile. Baada ya sala ya Ijumaa alikaa barazani pake akahesabu wenziwe: Mpakistani, Mwindonesia, Mmisri. Kwa mtu aliyekulia Mlandege, hiyo ilikuwa Ijumaa ya kawaida kabisa.

Kyoto ilimchosha kwa watalii. Alipenda jinsi mji ulivyokataza mabango juu ya mapaa na kushusha urefu wa majengo kwa sheria ya 2007, akawaza jumba la Beit el-Ajaib la kwao Unguja, lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020, kisha akaondoka.

Hiroshima ndiko ulikozikwa utafiti wake wa kwanza. Alikuwa ameshaiandika sehemu hiyo kichwani: bomu la Agosti 6, 1945, watu wapatao 140,000 wamekufa ilipofika mwisho wa mwaka, lakini tramu zikaanza kutembea tena baada ya siku tatu. Ni kweli, na tramu mbili zilizonusurika bado zinafanya kazi. Alipanda tramu ya mji huo kwenda makumbusho, na humo akasimama mbele ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto, imekunjamana kwa kutu. Alikuwa na daftari. Neno “nidhamu” alishindwa kuliandika mbele ya kile kibaiskeli.

Akashuka kusini hadi Shimabara, ng’ambo ya Kumamoto kwa boti. Safari hii haikuwamo katika mpango. Alikuwa amesoma kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 wasichana wa kimaskini wa Shimabara na visiwa vya Amakusa walipelekwa nchi za nje, wengi kwa kuhadaiwa, kwenda kufanya kazi katika madanguro. Wajapani huwaita karayuki-san. Wengi waliishia Asia ya Kusini-Mashariki. Wachache walifika Zanzibar, wakaishi Mji Mkongwe. Katika hekalu moja la Shimabara kuna uzio wa mawe uliochongwa majina ya waliochangia ujenzi, wakiwamo wanawake waliotuma pesa kutoka ng’ambo. Alikwenda jina hadi jina kwa kidole, akisoma kwa shida. Zanzibar hakuiona. Lakini kabla ya meli za vitambaa, kabla ya Hiace, Wajapani wa kwanza kuzoea vichochoro vya Unguja walikuwa wasichana hawa, na barazani hajawahi kusikia mtu akiwataja.

Aliporudi Unguja, jina la Mjapani lilikuwa likimsubiri barazani, pamoja na malalamiko kwamba hakuleta hata pikipiki. Tunguu, kwenye kampasi, mambo yalikuwa yaleyale: foleni ya usajili, ukumbi wa mihadhara wenye joto, wenziwe waliomtangulia mwaka. Msimamizi wake alimuuliza mada ya zamani imekwenda wapi. Akajibu kwamba kuhusu Japani inayoinuka wameshaandika wenye Japani yao. Yeye anataka kuandika juu ya Japani ya Mlandege.

Tangu hapo wiki zake ziligawanyika. Siku nyingine alikuwa Nyaraka za Taifa, Kilimani, akipekua taarifa za biashara za wakati wa Waingereza. Siku nyingine alikaa na wazee wa maduka. “Mwanangu,” mmoja alimwambia akimiminiwa kahawa, “Mjapani tulimjua kwa doti kabla hatujamjua kwa gari.” Bibi yake alisikiliza habari hizo kwa siku kadhaa, kisha akavuta sanduku chini ya kitanda na kutoa kanga nyekundu iliyopauka, na pembeni, kwa herufi ndogo, imeandikwa imetengenezwa Japani. Alinunuliwa alipoolewa.

“Naichukua nikawaoneshe chuoni, bibi.”

“Piga picha,” alisema, akiikunja.

Rasimu ya sura ya pili ilirudi kutoka kwa msimamizi na maandishi mekundu pambizoni: panahitajika takwimu za uagizaji wa nguo za miaka ya 1930, mwaka kwa mwaka, na habari za wale wanawake wa Shimabara zitafutiwe ushahidi wa maandishi hapahapa Unguja au zipunguzwe. Chini yake: picha ya kanga ibaki. Jumatatu asubuhi alikuwa kituoni akingoja daladala ya kwenda Kilimani.