Umeachika? Iko wapi karatasi?

MJINI hapa, ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo watu wanalitumia ovyo kama salamu. Neno lenyewe ni "tumeachana". Kaka anamtokea dada, akiulizwa habari za mama watoto wake anajibu haraka haraka: "Ah, yule tulishaachana zamani!" Dada naye akiulizwa kuhusu yule baba wa Mbagala anajibu hivyo hivyo. Hakuna anayeuliza swali la pili: mliachana wapi, nani aliandika, na karatasi iko wapi?

Leo nataka tuongee habari ya hiyo karatasi. Najua wengine mtasema mambo ya mahakama ni ya mawakili na wazee, sisi vijana tupeni habari za muziki. Subirini kwanza. Karatasi hiyo nusura inikoseshe ndoa yangu ya pili, na ni hiyo hiyo iliyoniokoa.

Nianze na sheria, ila kwa kifupi tusije tukasinzia. Huku Tanzania Bara tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa sheria hiyo, mkishafunga ndoa, iwe ya bomani, ya kanisani, ya Kiislamu au ya kimila, wa kuivunja mkiwa hai ni mahakama. Kikao cha wajomba na mashangazi hakivunji ndoa. Kurudisha mahari hakuvunji ndoa. Hata mume wa Kiislamu akishatamka talaka yake, bado kuna baraza la usuluhishi la kupitia na kuna mahakama ya kutoa amri. Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi, huko ni habari nyingine. Na kuondoka nyumbani na begi la nguo saa tano usiku ndiyo kabisa, hiyo ni safari tu!

Mimi niliondoka na begi hilo mwaka 2014. Tulikuwa tumefunga ndoa bomani mwaka 2008, tukapata mtoto mmoja wa kike. Sitaki kumchafua mtu gazetini, kwa hiyo niseme machache. Mwenzangu alihamia kwa mwanamke mwingine, lakini kila mwisho wa mwezi alirudi kwangu kuchukua kitu. Leo redio, kesho televisheni, siku ya tatu hadi pasi ya mkaa. Nikaona hapa nikisubiri sana nitachukuliwa hata kitanda nikiwa nimekilalia.

Shoga yangu mmoja aliniambia niende moja kwa moja mahakamani. Bahati nzuri shangazi yangu, ambaye yalishamkuta, akaniambia: "Mwanangu, mahakamani hawakupokei bila hati ya baraza." Alikuwa sahihi. Sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo kwa wengi wetu ni lile la kata. Baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa hati ya kushindwa, ile inayoitwa Fomu Namba 3. Hati hiyo isizidi miezi sita hadi siku unapofungua shauri. Msiichukulie mchezo, jamani. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka, watu wameshahangaika miaka, kwa sababu tu hati ya baraza haikuwa sawa.

Yapo mazingira ambayo unaruhusiwa kuliruka baraza. Mathalan mwenzio katoroka na hajulikani aliko, au aliitwa barazani akakataa kwenda. Na kama ndoa yenu haijafikisha miaka miwili, lazima kwanza uombe ruhusa ya mahakama ndipo udai talaka.

Basi nikaenda baraza la kata. Hapo hakuna wakili, unaongea mwenyewe kwa mdomo wako. Mwenzangu aliitwa mara tatu, akaja mara moja, amevaa shati nililomnunulia mimi! Mzee mmoja wa baraza akawa ananikazania: "Mama, vumilia. Nyumba ni mwanamke." Nikamjibu kwa heshima zote: "Baba, nyumba ni mwanamke, lakini vyombo vya ndani navyo vinaondoka kimoja kimoja." Watu wakacheka, hata mwenzangu akacheka. Mimi sikucheka. Wiki mbili baadaye nikapewa hati yangu.

Shauri nikalifungua Mahakama ya Mwanzo. Ndugu msomaji, usije ukadanganywa kwamba talaka ni ya Mahakama Kuu tu. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zote zina uwezo wa kusikiliza. Faida ya Mahakama ya Mwanzo ni kwamba iko karibu, lugha tangu zamani ni Kiswahili, na gharama yake inabebeka. Jambo moja la kuelewa ni kwamba hakimu hatafuti nani mbaya. Anachotaka kujua ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni, ukatili, kutelekezwa, kutengana miaka mitatu na zaidi, hivyo vyote ni ushahidi wa kuonyesha hivyo.

Kasheshe ilikuwa kwenye mali. Tulikuwa na kiwanja Kivule, na juu yake vyumba viwili vilivyofika kwenye lenta. Mwenzangu akasimama mbele ya hakimu na kusema: "Mheshimiwa, huyu alikuwa mama wa nyumbani tu." Mama wa nyumbani tu! Mimi niliyeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi ya kuuza, na hela zake ndizo zilizonunua saruji! Nilitaka kumrukia. Lakini sheria ilikuwa imeshaniwahi. Tangu mwaka 1983, katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Hakimu wangu akalitaja shauri hilo, akanipa sehemu yangu. Mtoto alikuwa na miaka mitano, akabaki kwangu. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba sheria inaanza kwa kuamini kwamba ni heri akae na mama yake, labda upande wa pili uonyeshe vinginevyo.

Hukumu ikasomwa mwaka 2015. Nikachukua nakala yangu, nikaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, maisha yakaendelea. Nambari ya shauri niliiandika pia kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Kwa nini pale? Kwa sababu katika nyumba ya mwanamke kadi ya kliniki haipotei! Vizuri nilifanya hivyo, maana baada ya miaka michache mvua iliingia katika chumba nilichopanga, ikapanda hadi magotini, na kilichobaki kwenye lile sanduku kilikuwa kama uji.

Sasa njooni mwaka 2022. Nimempata mwenzangu mwingine, mtu mtulivu, fundi magari, anaongea kidogo na anakula sana. Tukaenda bomani kutoa taarifa ya nia ya kufunga ndoa. Sheria inataka taarifa ya siku 21, na tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukiwa ulishaolewa, unaulizwa ile ndoa iliishaje. Nikasema kwa talaka. Afisa akaniambia: "Sawa mama, leta hukumu, nakala iliyothibitishwa na mahakama."

Siku ya tatu, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni yule wa zamani! Ameandika: "Wewe bado ni mke wangu. Nakuja bomani kuweka pingamizi." Moyo ukanipiga paa! Mnaelewa uzito wake? Mwanamke mwenye ndoa hai akifunga nyingine, hiyo ya pili ni batili, na yeye mwenyewe ametenda kosa la jinai. Mimi nilijua nimeachika. Hakimu alijua. Lakini bila karatasi ningemwonyesha nini mtu ambaye hakuwepo?

Nikarudi kwenye ile Mahakama ya Mwanzo. Nikaandika barua kwa Hakimu Mfawidhi, nikataja majina yetu wawili, nambari ya shauri na mwaka wa hukumu. Karani akapotea huko ndani karibu saa nzima, akarudi akasema: "Dada, jalada halionekani." Nikamuuliza halionekani maana yake nini. Akanijibu: "Maana yake halionekani." Presha ikapanda. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Mchumba wangu naye kimya, ila nikamsikia anamwambia mama yake kwenye simu, "Tuchinje baadaye, mama." Hapo ndipo nililia.

Siku ya tisa nikampata karani mwingine, mama mtu mzima. Yeye hakuanza kutafuta jalada. Alifungua daftari kubwa la kuandikishia mashauri la mwaka 2014, akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi kwenye nambari yangu. Kando ya jina langu kulikuwa na maandishi madogo ya kuonyesha mafungu ya majalada yaliyokwisha yalihamishiwa stoo gani. Wala halikuwa limepotea! Lilikuwa limefungwa kamba pamoja na mengine, lina vumbi la kutosha kuotesha mchicha. Nikalipia nakala, nikapewa stakabadhi, ikapigwa muhuri na kusainiwa.

Nililisoma pale pale kwenye benchi. Ndoa ya miaka saba imeingia kurasa nne za mkono. Kilichonishangaza ni maoni ya wale wazee wawili waliokuwa wanakaa na hakimu. Mmoja wao alinikazia macho shauri zima, nikajua huyu ananichukia. Kumbe aliandika kwamba mama huyu amejitahidi vya kutosha, apewe talaka yake. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui kama kuna mtu aliniona nikijitahidi.

Nikatoa fotokopi. Nakala yenye muhuri nikaipeleka bomani, fotokopi nikampelekea shemeji wa zamani, kaka yake yule bwana, mtu wa heshima zake. Akavaa miwani, akasoma, akasema: "Shemeji, haya yameisha, nitaongea naye." Siku 21 zikapita na hakuna aliyekuja bomani kuweka pingamizi. Mbuzi akachinjwa.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu, chukueni haya. Ukitoka mahakamani, andika nambari ya shauri, mwaka na jina la mahakama sehemu tatu tofauti, na piga picha hukumu kwa simu. Omba nakala mbili zilizothibitishwa, usiombe moja. Talaka nayo husajiliwa RITA kama ndoa inavyosajiliwa, kwa hiyo nenda na hukumu yako na cheti cha ndoa ukasajili. Wakazi wa Dar es Salaam, kuna kile Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, kilichoanza mwaka 2021, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko mahali pamoja. Ukiambiwa jalada halionekani, usigombane. Omba litafutwe kwanza kwenye daftari.

Na kwa wale mnaochumbiwa na "walioachana zamani": muulize kwa upole ni mahakama gani, mwaka gani. Mtandaoni kuna TanzLII, ambako hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa na yeyote, lakini usitegemee kuliona huko shauri lililoishia Mahakama ya Mwanzo. Huko ni kwa barua na nambari. Kama aliachika kweli, nambari anayo au anajua pa kuitafuta. Akianza kukasirika na kusema humwamini, basi mwambie mbuzi asubiri kwanza.