Fataki ya Babu

Muhula uliopita, katika kozi ya tafsiri, nilipewa ukurasa mmoja wa mwongozo wa wawindaji wa Marekani wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Nilikwama kwenye jina la kile kidude kidogo kinachokaa kitakoni mwa ganda, kinachogongwa na pini kikatoa cheche ya kuwasha baruti. Nikaandika "fataki". Darasa likacheka. Wenzangu wa Tanzania walilijua neno hilo kwa maana ya mzee anayewarubuni wasichana wa shule. Waliobaki walifikiria fashifashi za mwaka mpya. Mhadhiri akaniuliza nimelitoa wapi. Nikasema, kwa babu.

Babu ni Mbajuni wa Chula, mojawapo ya visiwa vilivyojipanga toka Kisimayu kuelekea Ras Kamboni. Mkono wake wa kushoto umepungua vidole viwili. Nyumbani hatukuwahi kumwuliza. Tulidhani ni vita vya 1991, vilivyomleta Mombasa. Jioni ile nilimpigia simu kuuliza neno tu, nikapewa habari nzima.

Alikuwa kijana, akilinda shamba la mahindi upande wa bara, nguruwe mwitu wasilimalize. Alikuwa na gobori la baba yake: unamimina baruti mtutuni, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, kisha unavisha fataki, kijikofia cha shaba, juu ya kifa.

"Baruti mbovu utaijua, mjukuu wangu. Fataki mbovu ni mnafiki."

Usiku ule nguruwe alitokeza, babu akafyatua, fataki ikalia taf, kisha kimya. Akalishusha gobori alitazame, mkono umelishika mdomoni mwa mtutu. Hapo ndipo lilipolia. Fataki zile zilisafiri naye chomboni, zimefungwa ndani ya kikoi kilicholowa.

Nilirudi kwenye ukurasa wangu. Mwongozo ulisema risasi isipolipuka, mwindaji aielekeze bunduki pasipo na mtu, asubiri nusu dakika nzima. Sentensi hiyo nilikuwa nimeitafsiri asubuhi huku nikila mahamri.

Maganda nayo yana mambo yake. Ya shaba ya manjano hujazwa tena na tena, kwa sababu shaba hutanuka baruti inapowaka, ikaziba moshi usirudi nyuma, kisha hunywea kidogo. Lakini kila safari huchoka. Mjazaji hutafuta ufa shingoni, na mstari unaong'aa karibu na kitako, dalili kwamba ganda linakaribia kukatika. Akiuona, analitupa, hata kama ganda ni zuri kiasi gani. Tena achungulie ndani: tundu moja katikati ni mtindo wa Boxer, Mwingereza; matundu mawili ni wa Berdan, Mmarekani, nayo ni tabu kuyang'oa fataki iliyokwisha. Kichekesho ni kwamba Wamarekani wanatumia ule wa Mwingereza, na ule wa Mmarekani ndio uliomo kwenye maganda mengi ya Kalashnikov. Mengi ya hayo hata si shaba, ni chuma. Ndiyo babu aliyoyaacha yametapakaa Kisimayu, watoto wakiyapuliza kama filimbi.

Nilimwuliza pia kwa nini alikuwa akiliosha gobori kwa maji ya moto, maana mimi najua maji ni kutu.

"Chumvi," akasema. "Fataki huacha chumvi."

Nikadhani anasema habari za bahari. Kumbe fataki nyingi za zamani zilitiwa klorati ya potasiamu, na mabaki yake ni chumvi kwelikweli, inayovuta unyevu wa hewani. Mafuta hayaiyeyushi, maji huiyeyusha. Pwani kama ile, bunduki isiyooshwa haikai.

Mhadhiri alipendekeza "kiwashio". Si neno baya, ila halina vidole viwili vya mtu ndani yake. Nikaibakiza fataki, nikampigia babu tena nimsomee tafsiri yangu. Nilipofika kwenye "avishe fataki" akanikatiza.

"Hiyo ya Wamarekani inakaa wapi?"

Nikamweleza kwamba kitakoni mwa ganda pana kishimo, nayo huingizwa humo kwa kukandamizwa mpaka ilingane na shaba.

Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo haivishwi. Andika inapachikwa."

Nikafuta, nikaandika inapachikwa.